Kutoka Tlawi Hata Gombe kwa Sokwe

Katika nchi hii ya Mbulu twawajua sana nyani, maana kila mwaka twawafukuza katika mahindi. Lakini sokwe hatunaye. Basi mwezi wa Julai tulifunga safari watu watano, walimu watatu na wazee wawili, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, tumwone kwa macho yetu. Twawaandikia habari hizi kwa kuwa tulirudi na fundisho ambalo hatukwenda kulitafuta.

Tulitoka alfajiri, ukungu ungali juu ya ziwa letu dogo na baridi ni kali. Tukapita Dongobesh, tukateremka Babati, kisha Singida, Nzega na Tabora, na siku ya tatu tukafika Kigoma. Kule ni nchi ya joto na michikichi, nasi tulikuwa tumejifunika mashuka mazito, hata watoto wakatucheka. Asubuhi tulikwenda Kibirizi, mwalo ulio kaskazini ya mji, tukapanda mashua pamoja na akina mama wenye magunia yao. Mashua ilifuata ukingo wa Ziwa Tanganyika. Kwanza tuliona vilima vilivyo wazi, vilivyolimwa hata juu. Kisha msitu ukaanza ghafula, na huo ndio mpaka wa hifadhi.

Gombe ni mahali padogo, kilometa za mraba 50 na kitu, kati ya ziwa na kilele cha ukuta wa Bonde la Ufa. Sisi nasi twakaa juu ya ukuta wa bonde hilo, upande wa Manyara. Kwa hiyo milima ile haikuwa migeni machoni petu. Mwaka 1943, wakati wa Waingereza, pori lile lilitengwa kuwa la akiba; na mwaka 1968 serikali ya Tanzania ikalifanya hifadhi ya taifa.

Tarehe 14 Julai 1960 alifika hapo Jane Goodall, binti wa Kiingereza wa miaka 26, pamoja na mama yake. Miezi mingi sokwe walimkimbia. Hata mwisho wa mwaka ule akamwona dume mmoja, ambaye alimpa jina la David Greybeard, akitia jani la nyasi katika tundu la kichuguu, akilitoa limeshikwa na mchwa, akila. Wengine walichuma vijiti, wakavipukutisha majani ili vifae kwa kazi hiyo. Wakati huo wataalamu walifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye ajitengenezaye vyombo. Habari hiyo ikawalazimu kufikiri upya. Bibi huyo alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, mwenye miaka 91, na kazi aliyoianza ingali ikiendelea.

Asubuhi ya kupanda msituni jambo lilitupata. Mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa na kikohozi tangu nyumbani. Kiongozi wetu, Mha mpole wa makamo, alimsikia akasimama.

“Mwalimu, pole sana. Leo hutaweza kupanda.”

“Ni vumbi la njia tu, ndugu yangu.”

“Huenda ni vumbi. Lakini kama si vumbi, wenyewe hawana dawa.”

Mwenzetu alikasirika, maana alikuwa ameweka akiba mwaka mzima kwa safari hii. Alisema kwamba nyani wa kwetu huja mpaka nyuma ya nyumba, na mafua yetu hayawadhuru. Kiongozi hakubishana. Alitueleza kwamba sokwe amekaribiana mno na mtu kwa mwili, hata maradhi yetu humwingia upesi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na mikono au miguu isiyofanya kazi. Mwaka 2006, katika hifadhi ya Mahale iliyo kusini ya Kigoma, ugonjwa wa kifua uliwaua kadhaa. Tena sokwe huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka kama mitano kabla ya kuzaa mwingine. Katika Gombe yote wapata kadiri ya 100 tu. Wakifa kumi, pengo lao halizibwi upesi.

Basi mwenzetu akabaki ufukoni, nasi tukavaa barakoa tukapanda. Tuliwakuta karibu na adhuhuri: mama mmoja akimchambua mwanawe manyoya, na kijana mwingine amelala chali. Tulisimama mbali, hatua kumi na zaidi, na saa moja ilipotimia tukaondoka. Kilichotugusa kupita vyote ni mikono ya yule mama, jinsi alivyogeuza kichwa cha mtoto polepole ili atazame nyuma ya sikio.

Jioni tuliuliza habari za vilima tulivyoviona. Tukaambiwa kwamba msitu wa nje ulikwisha kwa kuni na mashamba, na sokwe wakabaki kama watu kisiwani. Ndipo mwaka 1994 Bibi Goodall na wenzake walipoanza kazi vijijini: vitalu vya miti, mikopo midogo kwa akina mama, na msaada wa masomo kwa wasichana. Baadaye vijiji vikatenga misitu yao wenyewe. Waliona kwamba mwenye njaa hawezi kuambiwa aache mti kwa ajili ya sokwe.

Njiani kurudi mzee mmoja wetu alikumbusha habari za metimani. Zamani, kwetu Wairaqw, mtu aliyefiwa, au mwanamke aliyeharibika mimba, alitengwa na majirani. Hakuwaingilia nyumbani wala kunywea chombo chao. Desturi hiyo iliwaumiza wengi, hasa akina mama, wala hatutaki irudi. “Lakini yule kiongozi,” mzee akasema, “hakumtenga mwalimu kwa kumwogopa. Alimwomba akae mbali kwa ajili ya wasioweza kujitetea.” Mwalimu alinyamaza mpaka Singida.

Tulipofika Tlawi, watoto wa shule walimzunguka. “Mwalimu, sokwe yukoje?”

“Sikumwona,” akajibu. “Nilikuwa nakohoa.”

Watoto wakacheka. Naye akaketi, akawaeleza yote: ugonjwa wa mwaka 1966, na mama azaaye mara moja katika miaka mitano, na vilima vilivyo wazi. Kisha akawauliza ni nani katika wao anayejua maji ya ziwa letu hutoka wapi, na nani amewahi kupanda mti kando ya kijito. Sisi tulioona sokwe tulisimama mlangoni, tukasikiliza.