Vifaru Vilivyogeuzwa Matrekta

Chinongwe iko wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea. Hapa huoni magari makuukuu yanayotiwa injini kali, yakapakwa rangi na kupelekwa pwani siku za sherehe, kama wafanyavyo Wamarekani. Lakini ziko mashine zilizogeuzwa kwa ajili ya nchi yetu.

Mwaka 1947 Uingereza ilianza Mpango wa Karanga huko Kongwa. Baadaye ulifika Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na matrekta hayakutosha. Basi kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru viitwavyo Sherman, kikang'oa mizinga, kikavifanya matrekta. Viliitwa Shervick. Fikiri, msomaji: kifaru kinang'oa visiki!

Mizizi ilivunja mashine nyingi. Kiangazi udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji. Mkulima wa huko angewaambia hayo bure. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ingali ikifanya kazi. Siku hizi inapakia korosho za kusini.