Siku Moja na Usiku Mmoja Huko Sanga

Wengi wametuuliza tulikuwa tunakwenda wapi na zile pikipiki tatu mwezi wa saba, na mabashi yamefungwa nyuma kama watu wanaohama. Hatukuhama. Tulikwenda kutembea tu, kama kilomita 100 kwenda, na kulala nje usiku mmoja kwa kupenda kwetu wenyewe.

Tulikuwa sita: vijana wetu watatu wanaoendesha bodaboda, mama, shangazi, na mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa hapa hapa kambini. Kila mtu mzima alibeba kadi yake ya mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea nchini, na tuseme wazi kwamba si jambo dogo. Ndugu zetu wa Nyarugusu, Tanzania, hawawezi kutoka kambini bila kibali.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla vumbi halijaamka. Kiangazi cha Isingiro mnakijua: udongo mwekundu mpaka ndani ya meno, na migomba ya vilimani imekauka pembeni. Kabingo tukapata lami, tukashuka hadi Mbarara, tukanywa chai karibu na mto Rwizi. Mtoto akaelezwa kwamba maji ya mto ule ndiyo yanayokwenda kwenye maziwa ya huku, Mburo na hili letu la Nakivale. Akasema basi sisi tunakunywa maji ya watu wa Mbarara. Ni kweli, tena wakishakufulia!

Baada ya Mbarara, kwenye barabara kuu ya Masaka, nchi inafunguka. Nyasi za manjano, miti ya miiba, vilima vya mawe, na ile miti yenye matawi yaliyosimama kama vinara vya mishumaa, ambayo maziwa yake yakikuingia machoni utalia siku nzima. Halafu ng'ombe wa Ankole, pembe zao ndefu kupita mkono wa mtu. Kama kilomita 40 kutoka Mbarara tukafika Sanga, tukaiacha lami.

Hatukuingia ndani ya mbuga ya Ziwa Mburo, kwa sababu kiingilio kingekula pesa ya mafuta. Lakini wanyama wa kule hawasomi mpaka. Swala pala walikuwa wanakula pamoja na ng'ombe kwenye mashamba ya watu, na punda milia kumi na mmoja walivuka njia mbele yetu bila haraka. Tukazima pikipiki. Mtoto aliwahesabu mara mbili. Twiga hatukuwaona, waliletwa mbugani mwaka 2015 kutoka Murchison, na wanakaa ndani zaidi.

Mfugaji mmoja mzee alitukubalia kulala kando ya zizi lake. Kinyankole chake na Kinyarwanda cha mama vikaelewana bila mkalimani. Maziwa ni amate kwake na amata kwetu. Alipotoa chombo cha mti cha maziwa akakiita ekyanzi, mama akacheka, maana kwao Rutshuru kinaitwa icyansi. Walizungumza mpaka ng'ombe wakarudi. Mzee alitueleza kwamba mwaka 1983, pale palipofanywa mbuga ya taifa, watu waliokuwa wakiishi ndani waliondolewa, na nyumba yao ilikuwa mojawapo. Mwaka 1985 serikali ilipoanguka wengi wakarudi, na baadaye mbuga ikapunguzwa. Mama akamuuliza alilala wapi miaka ile. Mzee akaonyesha kwa mkono tu, kule kwenye migunga.

Tulitandika mabashi, tukapika ugali na dagaa, na shangazi akaonjeshwa eshabwe, ile mboga nyeupe ya samli. Alisema ni nzuri, lakini hakuongeza.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Mtoto alifurahia nyota, akauliza kwa nini hatulali hivi kila siku. Hakuna aliyemjibu. Mara ya mwisho sisi wakubwa kulala porini ilikuwa mwaka 2012, M23 walipoingia Rutshuru, tukitembea kuelekea Bunagana. Wakati ule hatukuwasha moto, na mtoto akikohoa tulimziba mdomo. Mama alikaa ameegemea pikipiki, viatu miguuni. Tulimwambia, "Mama, vua viatu ulale." Akajibu, "Miye porini sivui viatu." Fisi akalia mbali, mbwa wa mzee wakabweka, kisha kimya. Kijana wetu mmoja akaongeza kuni, moto ukawa mkubwa, wa kuonekana hata kutoka barabarani. Mama aliutazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kumsimulia mtoto habari za 2012, kwa mara ya kwanza, na sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Tulimwacha aseme.

Alfajiri tulimkuta amelala. Kiatu kimoja kilikuwa kimevuliwa, kingine bado.

Kwa wanaotaka kwenda: chukueni kadi zenu, jerikani la maji kwa kila pikipiki, mpira wa akiba na pampu, maana baada ya Sanga miiba ni mingi. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya jua kuzama. Na msiache moto ukiwaka wakati wa kuondoka, kwa kuwa nyasi za mwezi wa saba hazisubiri.