Usaili wa uhasibu na sanduku la kufuli tatu

Kimya changu cha wiki nzima kina sababu. Nimeitwa kwenye usaili! Nafasi ya mhasibu msaidizi, kampuni moja hapa hapa Dar, Alhamisi saa tatu asubuhi. Nafasi ni moja tu, na kwenye orodha ya walioitwa nimehesabu majina 46. Si mnajua hali ya mwaka wa tatu ilivyo... bumu la mwisho limeingia na limeshatoka, chumba tunatakiwa kukabidhi mwisho wa mwezi, na kule Morogoro mama ameanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe anaanza kazi. Mama naye! Kwake kuitwa ndiyo kupata.

Basi nimepiga msuli kuliko hata wakati wa UE. Nawaandikia niliyoyaona, manake najua wengi mko kwenye foleni hiyo hiyo.

Kwanza, madesa. Nimekusanya yote ya usaili yanayozunguka hapa chuo, zile fotokopi za fotokopi mpaka herufi zimepauka. Jamani, kuweni makini! Desa moja linasema VAT ni asilimia 20. Ni kweli ilikuwa hivyo tangu kodi hiyo ianze mwaka 1998, ila Julai 2009 kiwango cha kawaida huku Bara kilishuka kuwa 18%. Desa lingine linakufundisha kuthaminisha bidhaa za stoo kwa LIFO, wakati IAS 2 ilishaifuta kwa hesabu za kuanzia Januari 2005. Halafu linakwambia kodi ya pango la ofisi ni matumizi ya mwezi, basi, yamekwisha. Tangu Januari 2019 IFRS 16 inamtaka mpangaji aingize mikataba mingi kwenye mizania, haki ya kutumia upande wa mali na deni upande wa madeni. Inayoruhusiwa kuachwa ni ile ya miezi 12 au pungufu na ya vitu vya thamani ndogo. Sasa fikiria unamwaga LIFO kwa kujiamini mbele ya watu wanaofunga vitabu kila mwaka... unaumbuka mchana kweupe.

Pili, mazoezi ya mdomo. Mshkaji wangu wa chumbani anasoma sheria, hajui leja wala urari, kwa hiyo nimemfanya yeye ndiye bosi. Anakaa kitanda cha juu, ananitazama kwa dharau, anauliza. Faida yake ni kwamba huwezi kumfunika kwa maneno makubwa. Asipoelewa, ujue hata wewe hujaelewa.

Juzi akaniuliza, "Mimi mfanyakazi wako, mshahara 500,000. Naondoka na ngapi?" Nikamwambia toa NSSF yako asilimia 10, yaani 50,000, zinabaki 450,000. Kwenye PAYE, 270,000 za mwanzo hazikatwi. Zinazobaki ni 180,000, zidisha kwa asilimia 8, unapata 14,400. Mkononi 435,600. Akafurahi. Nikamwambia subiri, wewe si ulisoma kwa bumu? Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 75,000. Unaondoka na 360,600. Alikaa kimya dakika nzima, maskini!

Jana tukafanya ulinganisho wa benki. Daftari la fedha linasema 2,400,000, taarifa ya benki inasema 2,635,000. Nani mwongo? Hakuna. Kuna hundi ya 250,000 tumeitoa na mwenyewe hajaipeleka benki, kwa hiyo toa upande wa benki. Kuna makato ya benki 15,000 hatujayaandika, toa upande wa daftari. Wote wawili wanakutana kwenye 2,385,000. Hesabu kama hii ifanyeni kwa kalamu mpaka mkono uzoee, manake pale mbele jasho likianza hata kutoa kunakuwa kugumu.

Tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Dada mmoja tunayefahamiana, mkaguzi wa ndani, aliniambia kuna swali halimo kwenye desa lolote: "Bosi wako anakuletea vocha ya malipo, haina ankara wala risiti. Anakwambia lipa leo, karatasi zitafuata. Utafanyaje?"

Chumba kizima kilibishana. Kaka mmoja aliyemaliza miaka miwili iliyopita alikuwa kaja kututembelea, akanambia, "Dogo, sema utatii. Ofisi hazitaki vichwa ngumu. Ingia kwanza, hayo ya uadilifu utayakuta ndani." Na kwa kweli, ukiwaza wale wenzako 45, maneno yake yanaingia akilini.

Lakini mimi nikamkumbuka mama. Mama ameishia darasa la saba, na neno udhibiti wa ndani hajawahi kulisikia. Ila kikoba chao kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na anayelaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hela zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Mwaka fulani mwenyekiti alikuja kwetu usiku anataka wafungue, kapata msiba. Mama alikuwa na ufunguo. Akaingia ndani, akatoka na 20,000 zake mwenyewe, akampa, akamwambia, "Pole sana mwenzangu. Sanduku tutafungua kwenye kikao." Walinuniana wiki mbili. Ila mwisho wa mzunguko kila mtu alipata chake mpaka shilingi ya mwisho, na mwenyekiti naye alipata chake.

Kumbe unaweza kukataa na bado ukamsaidia mtu. Jibu langu nimelijenga hapo. Vocha tupu silipi. Ila kama ni dharura kweli, kuna masurufu: fomu kwa jina la anayechukua hela, idhini ya maandishi ya mwenye mamlaka, na tarehe ya kurejesha risiti. Asiporejesha, linakuwa deni lake na litaonekana kwenye vitabu. Nikamwambia kaka, ile saini kwenye vocha itakuwa yangu. Mkaguzi akija, nani atakumbuka bosi alisema nini kwa mdomo? Na mimi nataka kukaa mitihani ya NBAA, nije niitwe CPA. Akacheka, "Utakosa kazi." Inawezekana. Sijalala vizuri kwa ajili ya hilo neno, lakini jibu sijalibadilisha.

Yaliyobaki ni madogo. Vyeti halisi na nakala kwenye bahasha, shati nimeshaazima pasi, kikokotoo kina betri mpya. Alhamisi natoka saa kumi na mbili, manake foleni ya Ubungo haijui mtu ana usaili.

Mniombee wadau. Mwenye swali gumu zaidi ya lile la vocha aje chumbani kesho jioni, chai ipo, sukari aje nayo. Narudi kwenye leja.