Nimeokoka, na Jumatatu Huwa Baa

Bwana asifiwe. Ushuhuda huanza hivyo, na wangu nauanza hivyo hivyo ingawa sehemu yake kubwa ilitokea baa, Jumatatu usiku, huku kwetu Eastlands, Nairobi, mbele ya watu waliokuwa na chupa mezani. Kanisani nimewahi kuutoa nusu. Leo nautoa mzima.

Kwanza nieleweke: komedi haikuniachisha pombe. Walioniachisha ni mke wangu na daktari mmoja aliyeniwekea mbele karatasi ya vipimo vya ini, akanyamaza, akaniacha niisome mwenyewe. Komedi ilikuja kufanya kazi nyingine, ambayo hakuna aliyekuwa amenionya kwamba ipo: kuishi ukiwa umeacha.

Maana mlevi akiacha, haachi chupa peke yake. Anaacha na meza. Mimi ni fundi wa makochi, nina kibanda kando ya barabara, na kwa miaka mingi nikishafunga kazi nilikuwa napitia baa ile ile, nakaa kiti kile kile, na jamaa wale wale. Hapo ndipo nilipopata habari za nani amefiwa, nani anauza ploti, mtoto wa nani ameitwa chuo. Nilipoacha, sikugombana na mtu. Nilikosa tu mahali pa kukutana nao. Ikawa jioni nakaa nyumbani natazama habari za saa moja kwa Kiswahili, halafu saa tatu nazitazama zile zile kwa Kiingereza. Mke wangu akaanza kunituma dukani nilete vitu ambavyo vimejaa kabatini.

Kanisa lilinipokea vizuri, na siwezi kulisema vibaya. Ila ushuhuda wa kanisani una kanuni zake. Unasalimia, unasema ulikuwa mlevi, unasema Bwana amekufungua, watu wanaitikia Amina, unapigiwa makofi, unaketi. Jambo liwe limekwisha ndipo ulisimulie. Na langu lilikuwa halijaisha. Jumapili nasema nimefunguliwa. Jumanne nikisikia mtu anafungua kizibo kibanda cha jirani, mate yananijaa mdomoni. Jumanne hiyo ningeipeleka kwa nani?

Nilipelekwa pia kwa kikundi cha AA, ule mpango wa kusaidiana kuacha pombe ulioanzishwa na walevi wawili, Bill Wilson na Dkt. Bob Smith, mjini Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935. Huko mtu husimama akasema yeye ni mlevi hata kama hajaonja kwa miaka ishirini. Hilo lilinipa pumzi, na mpaka leo nahudhuria. Lakini mambo ya kikundi ni siri, na ni lazima yawe siri. Ukishatoka mlangoni umeyaacha mle ndani. Mimi nilikuwa na deni jingine kwa watu wa mtaa wangu, wale walioninyanyua mtaroni wakanirudisha nyumbani. Waliniona nikianguka. Nilitaka wanisikie na mimi nikisema.

Sasa nije kwenye baa yenyewe. Machi 2020 baa zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, zikakaa hivyo hadi mwisho wa Septemba. Ziliporuhusiwa kufungua, mwisho ulikuwa saa nne usiku, na watu walikuwa wamekwishazoea kununua chupa yao na kuinywea nyumbani. Jumatatu ndiyo ilikuwa imekufa kabisa: pesa za wikendi zimeisha, na mtu anaogopa kazi ya kesho. Mwenye baa akasikia kuna vijana wa mtaa wanatafuta mahali pa kufanyia komedi. Hawakudai malipo ya maana. Walitaka maiki na watu wa kuwasikiliza. Akawapa Jumatatu. Kiingilio hakuna, yeye anauza vinywaji, na mwisho kofia inapitishwa mezani.

Jukwaa lao la kwanza lilikuwa kreti za bia zilizopinduliwa na ubao juu yake. Kijana mmoja akiwa katikati ya kuigiza mchungaji anayetoa pepo, ubao ukateleza, akaanguka yeye kabla ya pepo. Kesho yake mwenye baa akanipigia simu. Jina langu lilikuwa bado liko kwenye daftari lake la madeni. "Fundi," akaniambia, "nitengenezee jukwaa, hiyo hesabu tuifute."

Nikalitengeneza kwa mbao za mbili kwa nne na plaiwudi, kimo cha goti, vipande viwili vinavyokunjwa ili siku nyingine vilale nyuma ya friji. Jukwaa likiwa na uwazi chini, kila hatua inalia kama ngoma, na maiki inaisikia kuliko inavyomsikia msemaji. Kwa hiyo nikashindilia chini yake sponji zilizobaki kwenye makochi, juu nikapigilia zulia. Nikasema usiku wa kwanza nitakuwepo nione kama litahimili. Nikaagiza soda ya Stoney. Mhudumu akacheka; alidhani komedi imeanza.

Mimi ni wa kizazi cha vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzaha tuliokulia ni wa kuigiza. Benson Wanjau akiwa Mzee Ojwang', akigombana na Mama Kayai, ulijua ule ni mchezo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja kundi la Redykyulass, John Kiarie, Tony Njuguna na Walter Mong'are, wakamwigiza hadi Rais Moi, nasi tukacheka huku tukitupia mlango jicho. Hata hao walikuwa wamevaa sura ya mtu mwingine. Churchill Live ndiyo iliyotuzoesha, wengi wetu, kumwona mtu mmoja amesimama na maiki tu, anasema ya kwake. Lakini runinga ina umbali wake. Mtu akisema ya kwake hatua tatu kutoka kwenye soda yako, ni jambo jingine.

Usiku ule alipanda msichana mmoja akaeleza jinsi alivyofutwa kazi, na jinsi anavyoendelea kuvaa nguo za ofisi na kutoka alfajiri ili mwenye nyumba asishtuke. "Asubuhi nakimbia," akasema, "nisichelewe mahali nisipoenda." Meza ziligongwa hadi chupa zikacheza. Waliopanda na mizaha ya lafudhi, Mluhya na kuku wake, Mkikuyu na shilingi yake, walipewa kicheko cha adabu, kwa maana hayo tumeyasikia tangu shule ya msingi. Yeye alipewa kile cha tumboni. Na nilichokiona mimi ni hiki: hakuwa amepata kazi nyingine. Hadithi yake haikuwa na mwisho, na hakuna aliyemdai mwisho.

Jumatatu iliyofuata nikarudi, ingawa jukwaa lilikuwa halina tatizo lolote. Nikazoea. Mke wangu alikuwa akinipokea mlangoni na swali moja, "Hebu pumua," nami napumua. Baadaye akaja mwenyewe akakaa na mimi, akaacha kuuliza.

Anayeongoza usiku huo wa komedi, MC, ni kijana rika la kitindamimba wangu. Sehemu ya mwisho huwaachia watu wowote wanaotaka kujaribu, dakika tano kila mmoja; ikifika ya nne anakuwashia tochi ya simu kutoka nyuma, na ukiendelea anakukatia maiki. Hana jinsi. Masharti ya korona yalipoondolewa tulirudi kwenye sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ambayo inazitaka baa za kawaida zifunge saa tano usiku, na polisi wakija hawaji kucheka.

"Mzee," akaniambia siku moja, "kila wiki uko hapa na soda. Wewe una stori."

Akaja kibandani, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa bado, nikamsimulia yote jinsi nilivyozoea kuyasimulia kanisani. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mzee, unaeleza sana. Mtu akishacheka, usimfafanulie. Na lile neno la kuchekesha liache mwisho, usilifungie mkia."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Miaka yote nilikuwa nimejifunza kuifungia kila sentensi mkia: lakini Mungu ni mwema, lakini sasa niko huru. Ukiuondoa mkia, linabaki jambo lenyewe, na ni lazima ulitazame. Nilikuwa nikipiga msumari huku najisemea peke yangu, nakata neno hili, nahamisha lile. Mambo ambayo sikuwahi kuyatamka hata kwa mke wangu niliyatamka mbele ya makochi, kwa sababu tu nilikuwa natafuta neno la mwisho.

Nilipopanda, magoti yalinitetemeka juu ya jukwaa nililolipigilia mimi mwenyewe. Nikawaambia kwamba watu husema pombe ilinipotezea kila kitu, na si kweli, ilinipa umaarufu: boda boda wote wa mtaa walijua ninapoishi, aliyekuwa hajui ni mimi. Nikawaambia kwamba nilipoacha, mwenye baa hii alikuja kuniona nyumbani na mkate na sukari, kama anavyoonwa mgonjwa, akakaa, akavua kofia, akaniuliza, "Mzee, tumekukosea wapi?" Mwenye baa alikuwa kaunta, anacheka mpaka anajifuta macho, na si kwamba ni uongo mtupu.

Tochi ikawaka. Nikasema la mwisho: "Nimeacha pombe, ni kweli. Lakini hata leo nikipita nje ya baa, mwendo unapungua. Kichwa kimeokoka. Miguu bado inaombewa."

Sitaeleza kicheko kile. Nitaeleza kilichofuata. Nilipokuwa nalipia soda, mtu mmoja ambaye huwa hasemi na mtu, hukaa pembeni na chupa yake kubwa, alinishika mkono. "Mzee, hiyo ya miguu. Ilikuchukua muda gani?" Nikamjibu kweli tupu, kwamba bado inaendelea. Akatikisa kichwa, akaniuliza kikundi changu hukutana wapi. Kama ningemwambia nimefunguliwa na yamekwisha, sidhani angeuliza. Aliyefika hana la kumwambia aliye njiani isipokuwa "njoo." Aliye njiani anaweza kumwonyesha shimo liko wapi.

Kanisani habari zilifika kabla yangu. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameniona nikitoka baa saa nne usiku, na aliyemwona mlevi wa zamani akitoka baa hahitaji maelezo zaidi. Nikaitwa. Nikaeleza. Mchungaji akafikiri, kisha akaniomba nizungumze na vijana, nadhani ili anisikie mwenyewe. Nikazungumza, na nilipofika kwenye miguu nikaisema kama nilivyoisema baa.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu kicheko kimoja kikatoka nyuma, cha bibi mmoja mwenye leso kichwani, amejiziba mdomo na mabega yanatikisika. Ni wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Wa watu wa wimbo wa Tukutendereza. Baadaye akaniita. "Mwanangu," akasema, "zamani ndivyo tulivyokuwa tukisema." Akanikumbusha kile ambacho mama yangu, naye ndugu wa Uamsho, alikuwa akikifanya nikiwa mdogo. Hawakusema "nilikuwa mwenye dhambi" wakaketi. Walitaja jembe lililoibwa na mwenye jembe, walitaja wivu wa juzi na mtu waliyemwonea wivu, na wiki iliyofuata walisimama wakataja mengine. Waliita kutembea nuruni, na mtu hutembea akiwa hajafika. Mimi nilikuwa nimedhani nimeokota kitu kipya baa.

Hili basi ndilo badiliko langu. Pombe niliacha mapema. Aibu niliiacha pale jukwaani, na siiachi siku moja, naiacha kila ninapoitaja kwa jina lake na watu wakacheka pamoja nami. Marafiki zangu wa meza nimewapata tena. Wawili wao bado wanakunywa, na hawaniagizii bia tena wala hawaniombi radhi kwa kuwa nayo mkononi.

Sasa wewe unayesoma na unapambana na jambo hili hili, usitoke mbio kwenda baa ukasema fundi wa makochi amekutuma. Kama umeacha majuzi, kaa mbali kabisa na kaunta. Mimi nilirudi miguu ikiwa imepata nguvu kidogo na mke wangu akijua niko wapi. Tafuta kwanza daktari na kikundi. Halafu tafuta watu ambao watakusikiliza kabla hujashinda, wawe wa kanisani, wa kazini, au wa Jumatatu usiku.

Na kama ni Jumatatu zetu unazozitaka, karibu. Tunaanza saa moja na nusu, soda zipo, jukwaa ni imara. Ila usikae meza ya mbele. Yule MC atakuuliza kazi yako, na chochote utakachojibu, umekwisha.