Picha Moja Kila Siku: Jinsi Simu Yangu Ilivyonigombanisha na Mama

Leo sina umbea wa staa yeyote. Leo nawaletea la nyumbani kwangu mwenyewe, na naomba mlisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Nianzie mbali kidogo. Baba yangu alifariki mwaka 2021. Siku ya msiba, wanaume wako nje wanafunga turubai na kupanga viti, baba mdogo akaingia ndani akaniambia, "Mwanangu, tupe picha nzuri ya marehemu tukaikuze, tuiweke pale mbele." Jamani! Simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya 3,000. Nilipekua kuanzia juu mpaka chini. Selfi zangu zimo, kucha zangu zimo, chipsi mayai, misuko ya wateja, skrini shoti za umbea wa watu. Baba hakuwemo. Ilikuwepo moja tu, kakaa kwenye kochi nyuma yangu, na kichwa changu kimemziba nusu ya uso.

Mwisho tukatumia ile ya kitambulisho cha taifa. Si mnazijua zile picha? Mtu unatoka kama umekamatwa na kuku wa jirani. Baba yangu, mtu aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, watu wakamuaga akiwa kanuna.

Hicho kitu kilinikaa rohoni muda mrefu sana.

Sasa kuna usiku mmoja nina bando la usiku, sina usingizi, nikakutana na habari za jamaa mmoja wa New York anaitwa Jamie Livingston. Huyu bwana tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha kwa kamera ya Polaroid, zile zinazotoa picha palepale. Moja kwa siku, basi. Akila, anapiga chakula. Akitembelewa, anapiga wageni. Aliendelea hivyo mpaka 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani, na siku hiyo hiyo ndiyo alikuwa anatimiza miaka 41. Aliacha picha zaidi ya 6,000. Marafiki zake wakazikusanya, wakazipanga kwa tarehe, wakaziweka kwenye maonyesho na mtandaoni.

Nilizifungua mpaka bando likakata. Nyingi ni za kawaida kabisa, ukioneshwa moja unaweza kuuliza, sasa hii nini? Lakini ukishaona mia, mia mbili, unaanza kumjua mtu usiyewahi kukutana naye. Nikajiuliza, huyu wa Marekani namjua, baba yangu niliyeishi naye nyumba moja nina nini chake?

Nikasema na mimi naanza. Tarehe 1 Januari 2023. Nikajipa masharti manne. Picha moja kwa siku. Iwe ndani kwetu au pale uani. Hakuna filta wala "kaa hivi, cheka kidogo". Na la mwisho, hakuna picha inayotoka nje ya simu.

Kwa wasiotujua, sisi tumepanga vyumba viwili Mbagala, choo cha wote kiko uani. Mama anakaanga mihogo na samaki jioni pale barazani. Mimi nasuka saluni. Mdogo wangu wa kiume mwaka huo alikuwa darasa la saba.

Mwezi wa kwanza nilipiga vitu ambavyo mwenyewe niliona upuuzi. Ndoo za maji zimepanga foleni. Kandambili za mdogo wangu, ya kushoto ya bluu, ya kulia nyekundu. Mama anapepeta mchele huku jirani anamsimulia habari, stori imekolea mpaka ungo umesimama hewani. Koti la baba nyuma ya mlango. Tangu afariki hakuna aliyelitoa, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini halitolewi.

Ila kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kuona mambo. Mfano, picha za chakula cha usiku. Kila moja ina sahani mbili na sufuria. Sahani yangu, sahani ya dogo, na mama anakula kwenye sufuria. Miaka yote nilijua mama anapenda ukoko! Sasa nikitazama picha kama 30 hivi zimefuatana, sufuria imeinamishwa, anakwangua kilichobaki baada ya sisi kupakua. Nilijisikia vibaya mno. Kesho yake nikapakua mimi, nikaanza na sahani yake. Akacheka, "We mtoto, mimi na sahani wapi na wapi?" Lakini alikula.

Mpaka hapo mambo mazuri. Sasa ngoja niwaambie nilipoharibu.

Mwishoni mwa mwaka ule, usiku kama saa nne, nikatoka nje nikamkuta mama kasinzia kwenye kigoda. Karai bado lina moto, noti kazifumba mkononi, kanga imetoboka begani, na mwanga wa taa ya jirani unampiga upande mmoja wa uso. Nikapiga. Wadau, ile picha ilikuwa kali. Kama ya kwenye magazeti. Nikaiangalia, nikaiangalia tena, shetani akaniambia, hii nayo unaiacha ife humu ndani ya simu?

Nikaiposti. Kapsheni nikaandika, "Mama yangu, shujaa wangu, hajui kuchoka." Mtu kalala kwa uchovu, mimi naandika hajui kuchoka.

Asubuhi naamka laiki zimepita 2,000. Ukurasa mmoja mkubwa ukaichukua. Komenti zinamiminika, "Mungu ambariki mama", "weka namba tumchangie". Na wengine, si mnawajua, "mtoto mzima una simu ya kupangusa, mama unamwacha akaange mihogo", "hiyo kanga jamani". Sikujali. Nilikuwa nahesabu wafuasi.

Siku ya tatu mama akarudi mapema kutoka kwenye kikao cha kikoba. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alikaa kitandani, akavua kilemba, akaniuliza taratibu, "Ulinipiga picha nimelala?"

Nikanyamaza.

"Mwenzio leo nimeoneshwa na watu."

Niwape picha kamili. Mdogo wangu alikuwa amefaulu, kapangiwa shule ya bweni mkoani. Inatakiwa sare, tranka, godoro, nauli na vikorokoro vingine vyote mnavyovijua. Kwenye kikoba chao unakopa mara tatu ya hisa zako. Mama alikuwa na hisa za 200,000, kwa hiyo 600,000 ilikuwa haki yake, hakuwa anaomba msaada. Alikuwa ameshapeleka ombi. Siku ile likasomwa, mama mmoja akauliza mbele ya wote, "Samahani jamani, lakini kwa hali ile tuliyoiona mtandaoni, marejesho atatoa wapi?" Baadhi wakacheka. Wengine wakaangalia chini. Ombi likasogezwa mbele, na baadaye wakampa nusu.

Kwa asiyejua kikoba, pale hakuna hati ya nyumba wala kadi ya gari. Dhamana yako ni wenzako wanavyokuona. Wakikuona unasimama, unakopeshwa. Na mimi nilikuwa nimewaonesha mama yangu akiwa ameanguka, tena kwa kapsheni ya mapenzi.

Aliniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. "Shida zangu nimezifunika miaka yote hii. Hata shangazi yako hazijui. Wewe umezifunua kwa usiku mmoja. Na sikatai kwamba unanipenda."

Niliifuta palepale. Ule ukurasa mkubwa niliwaandikia ujumbe siku mbili ndipo wakaitoa, na kufikia hapo watu walishaihifadhi kwenye simu zao. Kitu kikishatoka hakirudi, hilo nimelijua kwa gharama.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikoba na mama mkubwa, nikaomba radhi. Akanipokea vizuri, akanipa na chai, lakini mkopo ukabaki nusu. Iliyopungua tukaitafuta tunavyojua. Nilichukua hela ya mbele saluni, nikasuka mpaka vidole vikavimba. Tranka tukanunua lililotumika. Godoro ambalo mdogo wangu alikwenda nalo shule lilikuwa langu. Mimi nililala kwenye mkeka mpaka mwezi wa tatu, na sikulalamika hata siku moja, maana nilijua nalala juu ya nini.

Picha niliacha kabisa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiishika simu mkono unakuwa mzito.

Siku ya 12 mama yuko kwenye karai, mimi namenya mihogo pembeni, akauliza bila kunitazama, "Siku hizi mbona hupigi?"

Nikamwambia, "Naogopa, mama."

"Baba yako tulimzika na picha ya kitambulisho," akasema. Akageuza samaki. "Piga. Ila unioneshe kwanza."

Usiku ule tulipofunga biashara tukakaa kitandani watatu, mdogo wangu hajaondoka bado, tukaziangalia zote kuanzia Januari. Kwenye kandambili mama alicheka mpaka akashika ukuta, na nikagundua kile kicheko kumbe walikuwa nacho wawili. Kwenye koti alinyamaza, akasema, "Hii isafishe, niwe nayo." Ile ya kusinzia nayo ilikuwepo bado kwenye simu. Nilitaka kuipitisha haraka, akanishika mkono. Akaitazama muda mrefu. "Ni nzuri," akasema. "Ilikuwa yetu tu."

Tulipofika mwisho akaniuliza, "Na wewe uko wapi?"

Sikuelewa. "Wapi kivipi?"

"Humu. Mwaka mzima, picha zote hizi, mbona wewe humo?"

Nikarudi nyuma kuangalia. Kweli. Mimi niliyekuwa na selfi 3,000, kwenye mwaka mzima wa maisha ya nyumbani kwetu simo hata kwenye moja. Kama nisingeamka kesho, nao wangetafuta.

Mama akachukua simu. Hajawahi kupiga picha maishani, kaishika kama sahani ya moto. Kidole chake kimeziba robo nzima, mimi nimefumba jicho moja na mdomo uko wazi, maana nilikuwa namwambia abonyeze wapi. Ni mbaya kuliko picha zote nilizonazo. Haifutwi hiyo.

Tangu hapo masharti yamebadilika kidogo. Ninayempiga anaoneshwa, akisema futa nafuta, simbishii. Mama naye anapiga ya kwake, Jumapili ni zamu yake. Kila mwisho wa mwezi nasafisha mbili tatu pale studio ya mtaani naweka kwenye albamu, na nakala nazihifadhi sehemu nyingine, kwa sababu simu za mjini mnazijua, unapanda daladala unayo, unashuka huna. Zile siku 11 nimeziacha wazi kwenye albamu. Mdogo wangu akirudi likizo huwa ananicheka, "Dada, hapa ulikuwa jela?" Namwambia ndiyo.

Sisemi watu wasiposti. Mimi mwenyewe naishi kwa kuposti. Ninachosema ni kwamba kuna picha za watu na kuna picha za nyumbani, na siku utakapozihitaji zile za nyumbani, hakuna atakayeuliza zilipata laiki ngapi.

Sasa naomba ufanye kitu kimoja kabla hujashuka kwenye komenti. Fungua simu yako. Tafuta picha ya mama yako, au bibi, au yeyote anayekulea, ambayo hakujipanga, hakuvaa nguo ya sherehe, yupo tu kama alivyo kila siku. Ukiipata, wewe una bahati. Usipoipata, leo jioni piga moja. Muoneshe. Halafu usiiposti.

Na ndiyo maana leo humu hamjaona picha. Haya, niambieni, nyinyi mmepata ngapi?