Ufa Usiozibika

Kwetu Mbugani, tukitazama mashariki twaiona Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta kando ya Ziwa Nyasa. Baadhi ya mawe yake yana umri wa karibu miaka milioni 2,000. Ziwa ni changa zaidi. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukainuka, wa pili ukadidimia, maji yakajaa.

Ufa huo ungali unapanuka polepole. Desemba 2009 ardhi ilitetemeka Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi. Nyumba zilianguka, watu wakafa.

Wanakisomo wangu huniuliza, "Tufanyeje?" Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauzibiki. Basi tujenge kuta imara, zenye lenta kuzunguka nyumba nzima. Yangu nimeijenga hivyo.