Urithi wa Matongo Usingoje Mgodi Ufungwe

Mgeni anayefika Brewarrina, mji mdogo katika nyanda kavu za New South Wales hapa Australia, huelekezwa kwanza mtoni. Ndani ya Mto Barwon kuna mitego ya samaki iliyojengwa kwa mawe na wenyeji wa asili, ikienea karibu nusu kilomita. Wangemba ndio walinzi wake, na makabila jirani nayo yalikuja kuvua na kukutana hapo. Jimbo liliiorodhesha mitego hiyo mwaka 2000, na mwaka 2005 ikaingia katika Orodha ya Urithi wa Taifa. Jumba la makumbusho lililofunguliwa 1988 liko ukingoni hapo hapo.

Matongo, kata iliyo kaskazini mwa Tanzania, nako kuna mto. Mto huo, Tigithe, unateremka kuingia Mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni Serengeti. Lakini mtajie Mtanzania Matongo au Nyamongo, na atakachokumbuka ni mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ukapita mikononi mwa kampuni za Placer Dome, Barrick na Acacia, kisha ukarudi Barrick mwaka 2019, serikali ikishika asilimia 16. Atakumbuka malumbano ya fidia na "tegesha" (kujenga au kupanda haraka ili kulipwa fidia), vijana wanaosaka magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodi, na maji yenye asidi yaliyoingia Tigithe Mei 2009. Yote hayo ni kweli, ila yanafunika maisha marefu kuliko mgodi: wachimbaji wadogo waliofuata mikanda ya dhahabu kwa sururu, koo za Kikurya zilizoamua mambo yao katika inchama (baraza la siri la wazee) na iritongo (mkutano wa jamii), wapiga zeze la ritungu waliotunza sifa na lawama za watu. Naamini kumbukumbu hiyo inapaswa kukusanywa sasa, wakati mgodi ungali unachimba. Mgodi wa wazi haubakishi magofu ya kurudi kuyatazama. Kilima kikishageuka shimo, kilichokuwa juu yake kimekwisha. Sheria nayo haitoshi. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka mpaka wake mkuu kwenye vitu vya kabla ya 1863, na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inasimamia uhamishaji na fidia. Lengo la sheria hizo si kuandika marehemu alikuwa nani na boma lake lilisimama wapi.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Matongo wanadai maji salama na fidia ya haki, na kuwaletea makumbusho ni kuwadharau. Pingamizi hilo ni zito, na kama ingekuwa lazima kuchagua, ningechagua maji. Ila kumbukumbu ni sehemu ya madai hayo hayo. Samaki walipokufa katika Mto Mara Machi 2022, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wengi hawakuridhika. Wavuvi na wazee wanajua mto hubadilika rangi lini na samaki gani hutoweka kwanza. Ujuzi huo ungekuwa umeandikwa mwaka baada ya mwaka, wananchi wangeingia kwenye mjadala ule na ushahidi mkononi.

Wengine watauliza kwa nini tujifunze Australia, nchi iliyowapokonya wenyeji ardhi ndipo ikawawekea vibao. Ni kweli: sehemu ya mawe ya Brewarrina iliondolewa ili mashua za mvuke zipite. Na Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, yenye alama za watu wa miaka 46,000 iliyopita, ikiwa na kibali halali. Kwangu, hiyo ndiyo sababu ya kutowaiga kwa kuchelewa.

Fedha zipo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mwenye leseni lazima aandae mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati vipewe kipaumbele, lakini sehemu ndogo ilipe vijana wa kata wenye vinasa sauti na ramani, wakae na wazee wanaozungumza Kikurya. Na wasiishie kwa wazee wa kiume. Inchama ina siri zake, na hizo zibaki kwa wenyewe, ila wanawake waliochota maji Tigithe kabla ya 2002 wanaujua mto ule kuliko ripoti yoyote, na waanze kuhojiwa wao.